Ushauri kwa Wanaoanza Kufa

Msomaji asipoteze nauli yake kuitafuta nchi ya Subirani. Haimo katika ramani yoyote, na mipaka yake inajulikana tu na wale waliozaliwa wakaikuta imewazunguka. Yatosha kusema kwamba ni nchi ya amani kuu, ambamo hakuna raia aliyewahi kupigwa risasi ya kweli kwa sababu ya kuomba kazi. Risasi wanazopigwa ni za kwenye kompyuta.

Hapo zamani kazi za Serikali ya Subirani zilitolewa kwa usaili. Usaili ukaharibika, kwani kila aliyeajiriwa alibainika kuwa mpwa wa mtu. Wananchi wakanung'unika. Serikali, ambayo ni sikivu kiasi cha kuyasikia hata manung'uniko ambayo hayajatoka kinywani, ikaagiza kutoka ng'ambo mchezo wa kupigana risasi unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, ikauita Medani ya Taifa. Kijana mwenye kutaka kazi angeketi mbele ya skrini katika bwalo la Wizara, aingie Medani, na akimwangusha adui mmoja kabla ya kuangushwa yeye, angeajiriwa siku hiyo hiyo; akiangushwa, angerudi siku nyingine, mpaka majaribio yake yaliyohesabiwa yaishe.

"Risasi haina mjomba," alitamka Waziri wa Ajira na Mitutu siku ya uzinduzi, na watu wakapiga makofi hadi viganja vikawauma.

Kwa kuwa Medani isiyo na maadui ingekuwa uwanja mtupu, Serikali iliwasihi viongozi wastaafu, wake zao na wana wao waubebe mzigo wa kuwa maadui. Walikubali kwa majonzi. Wakaitwa Wakongwe, wakapewa bunduki ndefu zenye darubini, ngome ya zege, na ramani ya kila kichaka. Anayeanza alipewa bastola yenye risasi moja na tochi ya kichwani asiyoweza kuizima, ili asipotee.

Hata hivyo, katika siku za mwanzo kijana mmoja alibahatika. Alimkuta Jaji mstaafu amempa kisogo, akamwangusha. Baraza la Maadili likaitwa kwa dharura. Mzee kupigwa risasi halikuwa jambo la kuwakasirisha wajumbe, kwani huo ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Kilichowachoma ni kwamba alipigwa bila kuamkiwa. Mafundi wakaamriwa waurekebishe mtambo: kifyatulio cha kijana kifungwe mpaka atamke shikamoo kwa sauti, na kiendelee kufungwa mpaka mkubwa wake aitikie. Hapo ndipo taa nyekundu iliyo juu ya bastola ingegeuka kuwa ya kijani, na kijana angeruhusiwa kumpiga mkubwa yule aliyemwitikia, si mwingine.

Subirani ikajisifu kwamba ndiyo nchi pekee yenye mauaji ya heshima. Wakongwe, ambao si wajinga, waligundua mapema kwamba asiyeitikia hapigwi. Tangu hapo neno marahaba halikusikika tena Medani.

*

Bwana Fulgensi Nyamubi alikuwa Mshauri Mkuu wa Wanaoanza. Aliteuliwa kwa sababu vijana walikuwa wakifa upesi mno, hata Wakongwe wakalalamika kwamba kazi imekosa ladha. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kola iliyopigwa pasi hadi ikaweza kukata mkate. Alisoma Shule ya Bweni ya Mwambakuu, akawa kiranja mkuu, na kaulimbiu ya shule hiyo, *Tuvunjike, Tusipinde*, aliibeba kifuani kama wengine wanavyobeba pumu.

Kila asubuhi alisimama bwaloni mbele ya waliokufa jana, akiwa na fimbo ya kuelekezea ubaoni.

"Mheshimiwa Mshauri," kijana mmoja alianza, "mimi nikitokea tu, nakufa. Nifanyeje?"

"Ulipotokea, ulisimamaje?"

"Wima, mzee."

"Vema. Ukafanya nini?"

"Nikafa."

"Nauliza kabla ya hapo."

"Hakukuwa na kabla ya hapo, mzee."

Bwalo likaangua kicheko. Bwana Fulgensi akagonga fimbo mezani, kicheko kikakatika.

"Mnacheka. Mwenye kucheka kwenye paredi hulilia bwenini. Sikilizeni. Anayeanza haijui njia, basi asikimbie, kwa maana akimbiaye asikokujua huyakimbilia mauti. Wala asisimame, kwa maana asimamaye ni shabaha. Atembee. Atembee kwa utulivu, kifua mbele, akimtafuta mkubwa wake, na akimwona amwamkie kwa sauti iliyonyooka. Kisha asubiri."

"Asubiri nini, mzee?"

"Aitikiwe."

"Na asipoitikiwa?"

"Aamkie tena. Huenda mkubwa hakusikia."

Hakuyasema haya kwa kejeli. Aliyaamini. Kule Mwambakuu, alipokuwa kidato cha kwanza, alifua soksi za vidato vyote vilivyomtangulia, akapigwa makofi kwa kuzifua vibaya, akapigwa tena kwa kuzifua vizuri mno. Alistahimili. Kila mwaka alipanda ngazi moja, hadi akafika juu na soksi zake zikafuliwa na wengine. Kwake yeye dunia nzima ilijengwa hivyo: mateso ni zamu, na mwenye subira hufikiwa na zamu yake.

"Lakini huko shuleni kwenu," sauti ya kike ilitoka safu ya nyuma, "wa kidato cha juu walikuwa wakimaliza mtihani, wanaondoka. Hawa wetu wanaondoka lini?"

Hakuna aliyecheka. Bwana Fulgensi akageuka, akafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Aliyeuliza alikuwa Anosiata, binti wa mdogo wake aliyefariki, ambaye alimlea tangu hajaota meno ya mbele. Alikuwa amesomea uhandisi wa maji, akafaulu vizuri kuliko wenzake wote, na amekwisha kufa Medani mara nyingi hata Wakongwe walikuwa wakimfahamu kwa mwendo. Sasa lilikuwa limebaki jaribio lake la mwisho.

Sheria ya Subirani kuhusu jaribio la mwisho ni nyepesi kueleweka. Anayeangushwa katika jaribio hilo huwa marehemu wa kiutumishi. Ataendelea kula na kulala kama kawaida, ila hawezi kuajiriwa, kumiliki kiwanja, kuolewa kwa cheti wala kushtakiwa. Hilo la mwisho Serikali hulitaja kama faida.

*

"Kandida ameajiriwa," alisema Anosiata jioni, akimwekea mzee sahani ya ugali na mlenda.

"Kandida yupi?"

"Wa Naibu Waziri. Tulisoma naye. Hajui hata bomba linafunguliwa upande gani. Amerithi ukongwe wa babu yake, akaingia Medani kupitia mlango wa ngome, akapiga watu wetu kama anapiga nzi. Sasa ni Mkurugenzi wa Maji."

"Usimwonee mwenzio wivu."

"Simwonei wivu, baba mkubwa. Namwonea huruma yule atakayekunywa hayo maji."

Bwana Fulgensi alitafuna polepole. Kesho yake alivaa suti yake nyeusi, akaenda kumwona Waziri.

Waziri wa Ajira na Mitutu alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, mmoja wa wale ambao humshika mgeni mkono na kusahau kumrudishia. Alisikiliza ombi lote: kwamba Wakongwe walazimishwe kuitikia salamu, japo mara moja kwa siku.

"Ndugu Fulgensi," alisema, "umenigusa. Lakini kuitikia ni jambo la moyo. Je, Serikali imlazimishe mzee kupenda? Tukifika huko, tutakuwa tumeingia katika udikteta. Na udikteta, ndugu yangu, sisi katika chama chetu kimoja tumeukataa kwa kauli moja."

"Mheshimiwa, shikamoo isiyoitikiwa si heshima. Ni kitanzi."

"Maneno mazuri hayo. Nitayatumia." Waziri akainama, akashusha sauti. "Lakini kwa nini tunazunguka mbuyu? Una binti. Sema neno moja tu. Tutamwandika Mkongwe leo hii, aingie kwa mlango wa ngome, apige wawili watatu, Jumatatu yuko kazini. Nani atauliza? Wewe ni mtu wetu."

Ilikuwa nafasi iliyo wazi kama mlango wa msikiti. Bwana Fulgensi alihisi mgongo wake ukinyooka wenyewe.

"Mheshimiwa, mimi ni zao la Mwambakuu. Binti yangu ataingia kwa mlango wa wote."

"Atakufa."

"Atakufa wima."

Waziri akamtazama kwa mapenzi ya kweli. "Laiti ningekuwa na watu kumi kama wewe," alisema. "Nchi ingetawalika kirahisi sana."

Alipokuwa akiteremka ngazi za Wizara, ndipo Bwana Fulgensi alipotambua kwamba kaulimbiu aliyoitetea ilikuwa yake, lakini wa kuvunjika alikuwa mtoto. Akasimama katikati ya ngazi. Watu wakampita huku na huku, wakidhani mzee amesahau miwani.

*

Alimweleza Anosiata siku iliyofuata, wakiwa uani, naye akimenya vitunguu.

"Kwa umri na cheo changu, sheria inaniruhusu kuingia Medani kama Mkongwe. Sijawahi kuitumia haki hiyo. Siku ya jaribio lako nitaitumia."

Anosiata akaacha kisu. "Uwapige wenzangu?"

"Sitampiga mtu. Utaniamkia, nitaitikia, nawe utafyatua."

"Nikupige wewe?"

"Utampiga mkubwa aliyekuitikia. Ni halali. Hakuna kifungu kinachomkataza mkubwa kuwa na adabu."

"Mkongwe akiangushwa naye anakuwa marehemu, baba mkubwa. Utapoteza cheo. Utapoteza hata hii nyumba ya Serikali."

"Nimeishi vya kutosha kiutumishi."

"Watu watasema nilimuua aliyenilea ili nipate kazi."

"Katika Subirani watakuonea wivu tu."

Binti akacheka, na kwa kuwa vitunguu vilikuwa karibu, hakuna aliyelazimika kueleza machozi.

"Na nikikukosa? Mikono yangu hutetemeka."

"Nitasimama karibu."

"Inatetemeka sana."

"Nitasogea zaidi. Sikiliza, Siata. Shikamoo, marahaba, risasi. Usiongeze neno. Usilie, usiniombe radhi, usinitazame usoni. Rudia."

"Shikamoo, marahaba, risasi."

"Tena."

Wakarudia mpaka vitunguu vikaisha. Alikuwa mwalimu mkali, na alihakikisha mwanafunzi hana mwanya wa kukosea.

*

Wakongwe hawakai bwaloni. Wana ukumbi wao wa juu, wenye makochi, feni, na mhudumu wa kuleta maandazi. Bwana Fulgensi alipoingia, Brigedia mstaafu Mtambalike aliinua kikombe.

"Ala! Hata mtakatifu wetu ameshuka! Karibu, Fulgensi. Tulidhani wewe hula ushauri tu."

"Nakusalimu, Brigedia."

"Keti, keti. Hapa tunawala kabla chai haijapoa. Wale kule chini wenye vimulimuli kichwani ni wako, eh? Umewafundisha vizuri. Wanatembea kwa utulivu, kifua mbele. Mpwa wangu alisema juzi: mjomba, siku hizi hata kulenga hakuhitajiki."

Ukumbi mzima ukacheka. Bwana Fulgensi akavaa spika za masikioni, akashika vidhibiti kwa mikono ya mtu asiyewahi kucheza chochote zaidi ya drafti. Aligongana na ukuta wa ngome, akageuka, akagongana nao tena, hatimaye akaupata mlango. Akateremka uwandani.

"Tazama, anakwenda kuwamaliza kwa kisu!" mtu mmoja alipaza sauti. "Watu wa bweni hao!"

Uwanda ulikuwa wa majani makavu. Huko mbele tochi zilitokea moja baada ya nyingine, na moja baada ya nyingine zikazimika. Kila ilipozimika moja, sauti changa ilikatikia masikioni mwake: *shika—*, *shikam—*. Vijana wake. Walikuwa wakitembea. Hakuna aliyekimbia. Mmoja alipigwa akiwa ameamkia mara ya pili, kwa kudhani hakusikika.

Tochi moja ikaja upande wake. Aliufahamu mwendo. Akasogea, akasogea tena, mpaka mwanga ukamjaa usoni.

"Shikamoo," ilisema sauti ya Anosiata.

"Marahaba," alijibu Bwana Fulgensi.

Taa ya bastola ikageuka kijani.

Kule ukumbini kikombe kilitua mezani kwa kishindo. "Nani huyo kaitikia?" Brigedia aliuliza, kwani neno lenyewe lilikuwa halijasikika kwa muda mrefu hata baadhi yao walilidhania kuwa hitilafu ya mtambo. Anosiata akainua bastola. Hakumtazama usoni. Hakulia. Hakuomba radhi. Alifanya kila alichofundishwa, na kidole chake kilikuwa tayari kimeanza kukaza.

Ila Bwana Fulgensi hakuwa amejifundisha yeye. Alikuwa mtu aliyekulia mahali ambapo kuitikia salamu nusu ni kumtukana aliyeitoa, na kwa umri wake wote hakuwahi kuipokea shikamoo ya mtoto akaiacha njiani bila kumjulia hali. Ulimi wake ukaimaliza kazi ambayo siku zote huimaliza, pasipo kumwomba ruhusa.

"Hujambo, mwanangu?"

Mtambo, ambao mafundi wake waliamriwa kuheshimu wazee bila kuweka mipaka, ukatambua kwamba mkubwa ameuliza na mdogo hajajibu. Taa ikarudi nyekundu. Kidole cha Anosiata kilikaza juu ya kifyatulio kilichofungwa.

"Sijambo, baba mkubwa, lakini nyamaz—"

Risasi ya Brigedia ilitoka mnarani mwa ngome. Tochi ikazimika. Bwana Fulgensi alibaki amesimama mbele ya majani matupu, mdomo wazi, swali la pili la salamu likiwa bado limemkaa ulimini.

"Samahani, Fulgensi," alisema Brigedia kutoka kochi la pili, akilenga upya. "Mkongwe anayeitikia ni hatari kwa wenzake." Akamwangusha naye pia.

*

Serikali haikuwatupa. Ujumbe wa rambirambi ulifika nyumbani kwao ukiwa na Waziri mwenyewe, viti vya kukodi na turubai. Wafiwa hawakupatikana, kwa kuwa familia nzima ilikuwa marehemu, hivyo marehemu wakaombwa wapokee wageni wao wenyewe. Anosiata aligawa chai. Bwana Fulgensi alitaka kusimama ili kutoa heshima Waziri alipoinuka, akazuiwa.

"Marehemu Fulgensi, tafadhali ukae, tunakuomboleza," alisema Waziri, kisha akawageukia waombolezaji. "Ndugu wananchi! Wapo wanaosema Medani ni ngumu kwa wanaoanza. Kwa nini basi alianguka Mshauri Mkuu mwenyewe, mtu wa elimu na uzoefu? Ni kwa sababu Medani haina upendeleo! Huyu hapa ameketi, shahidi asiye na uhai! Na niwahakikishie vijana kwamba hatua zimechukuliwa. Uchunguzi umebaini kuwa chanzo cha ajali ni kuitikia. Kuanzia leo kuitikia ni marufuku, na hivyo usalama umeimarika."

Makofi. Mama mmoja jirani alimnong'oneza Anosiata, "Pole, mwanangu. Lakini chai yako ina iliki nzuri. Ungekuwa hai ningekuposea kwa kijana wangu."

"Asante, mama. Hajafa bado, huyo kijana wako?"

"Bado ana majaribio kadhaa."

Kabla ya turubai kukunjwa, Katibu wa Wizara aliwaita marehemu wote wawili kando, akawaeleza kwa upole jambo lililobaki. Vijana wenye majaribio walikuwa wakipungua, na Wakongwe hawawezi kukaa bila shabaha, kwani mkono usiotumika hulegea na usalama wa taifa hulegea nao. Kwa sababu hiyo marehemu wa kiutumishi watakuwa wakiingia Medani kila siku ya kazi, bila silaha na bila ujira, mpaka watakapofariki kwa njia ya kawaida.

"Hatuna hiari?" aliuliza Bwana Fulgensi.

"Hiari ni ya walio hai, mzee wangu," alijibu Katibu, na alionekana kusikitika kidogo.

Jumatatu waliketi bwaloni, kila mmoja mbele ya skrini yake, wamekaribiana hata viwiko viligusana. Kengele ikalia. Wakatokea uwandani wakiwa pamoja, tochi kichwani, mikono mitupu. Ngome ilikuwa mbele yao, na juu yake mitutu ilianza kugeuka.

"Baba mkubwa," alisema Anosiata bila kuyatoa macho kwenye skrini, "nisimame wapi?"

Bwana Fulgensi akapiga hatua moja, akawa mbele yake.

"Nyuma yangu," alisema.

Ulikuwa ushauri wa kwanza aliowahi kutoa uliomfaa anayeanza. Risasi ilimpata yeye, na Anosiata akaishi kwa pumzi moja zaidi. Akaivuta. Kisha akasikia, huko juu ngomeni, mtu akikoki bunduki bila haraka yoyote, kama anayekoroga sukari.